Uzi: Nachonga vigumba vya mishale kwa chupa na mawe hapa Nairobi. Njooni mnisaidie, na njooni mnicheke

FundiVigae (Kahawa West)

Wakuu, hamjambo. Uzi ni mrefu. Kama uko kwenye matatu na msongamano umekushika pale Roysambu, huu utakufikisha nyumbani.

Niseme mapema ili tusigombane huko chini: siwindi. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haikumwachia mtu mwanya hata wa kuwinda kitoweo cha nyumbani. Mishale yangu inaishia kwenye shina la mgomba nyuma ya ploti. Ninachotaka ni kuijua kazi yenyewe: mtu alishikaje jiwe, akaligongaje, mpaka likatoka kitu cha kumwangusha swara.

Ilianzia Olorgesailie, eneo la mabaki ya kale. Ni kama kilomita 70 kutoka mjini; unapita Rongai na Kiserian, unateremka Bonde la Ufa kama unaenda Magadi. Niliwapeleka wanangu likizo ya Aprili. Kuna njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya ardhi, na chini yake mawe yamelala vile vile yalivyoachwa, mamia kwa mamia, yamechongwa umbo la tone la maji. Baadhi yana umri wa karibu miaka milioni. Wanangu wakauliza soda zinauzwa wapi. Mimi nikabaki nimeinamia ukingo wa ile njia ya mbao kama mtu aliyedondosha simu. Nimepiga vigae miaka kumi na minne, na yale makovu kwenye mawe niliyajua. Ni makovu yale yale yanayotoka kwenye kigae kigumu ukikikata vibaya pembeni: bonde dogo lenye mawimbi, kama ndani ya gamba la chaza. Nikasema moyoni, huyu naye alikuwa fundi, tena hakuwa akiharibu kigae cha mwenye nyumba.

Kurudi nyumbani nikaanza kugonga kila jiwe ninalokutana nalo. Usijisumbue. Jiwe la kujengea la Ndarugo linamumunyuka kama mkate wa jana. Jiwe jeusi la kokoto linapasuka, lakini baada ya vita, na kibanzi chake ni butu. Jiwe linalofaa ni lile lisilo na chembechembe wala tabaka, lipasukalo kama kioo. Na ukishaelewa hilo unagundua kwamba kioo chenyewe kimejaa jalalani.

Kwa wale walioharibu dirisha la jirani kwa manati utotoni: mnakumbuka tundu lile? Nje ni dogo kama punje ya mtama, ndani limepanuka kama sahani. Nguvu ikiingia kwenye kioo haiendi mstari mnyoofu, inatanuka kama mdomo wa tarumbeta. Kazi yote ya kuchonga jiwe imekaa hapo. Ukigonga katikati ya uso unapata tundu. Ukigonga ukingoni, pale pembe ilipo chini ya digrii 90, unapata nusu ya ile tarumbeta, nayo ndiyo kibanzi. Pembe ikifika 90 au kupita, gonga mpaka jioni, utatoa moshi tu.

Sasa mbinu ninayotumia. Chukua chupa ya mvinyo yenye kitako kinene. (Ya bia ina pesa yake dukani, rudisha.) Tumbukiza msumari wa inchi sita, kichwa kikiangalia chini, ziba mdomo wa chupa kwa kitambaa, tikisa juu chini kwa nguvu. Kitako kinabanduka kizima. Vaa miwani kabla ya hapo, si baada.

Kifaa cha kubania, yaani cha kung'olea vibanzi kwa kusukuma badala ya kugonga, nimetengeneza kwa waya mnene wa shaba, ule wa stima unaozikwa ardhini, nikaupachika kwenye kipande cha mpini wa ufagio na kuunoa ncha kwa tupa. Kiganjani naweka kipande cha akala, mpira wa tairi, nimekichimba mfereji katikati ili kibanzi kipate pa kuangukia. Unaweka kioo juu ya akala, unakunja vidole, unaegesha ncha ya shaba ukingoni, unasukuma kwa bega kuelekea kiganja. Mkono peke yake hautoshi, mimi hubana mikono kwa magoti. Mzigo ukishajaa, unainamisha ncha kidogo kwenda chini. Tik! Kibanzi kimetoka upande wa chini, ule usiouona. Geuza, tumia kovu hilo kuwa pa kuegeshea tena.

Jambo lililonichukua wiki tatu kulikubali: kabla ya kubana lazima ukingo uusugue kwa jiwe la kunolea mpaka uwe butu. Unaufanya butu ili uje kuwa mkali. Ukingo mwembamba hauwezi kubeba mzigo, unasagika chini ya shaba na nguvu inafia hapo hapo.

Nimeshonwa nyuzi nne kwenye kidole gumba. Nesi aliniuliza nilipigana na nani. Nikamwambia ukweli, akaandika "chupa" na akaniangalia vile mnavyojua.

Sasa swali. Vigumba vyangu vya pembetatu, vile vya kwenye video za Wamarekani, vinatoka vinene katikati. Vibanzi vinakatikia njiani na kuacha ngazi, juu yake ngazi nyingine, mpaka kitu kinakuwa mgongo wa kobe. Nikijaribu kukiokoa kinakatika vipande viwili. Nina debe zima la makobe. Nakosea wapi?

Otis_Kayole

Buda, kwani misumari iliisha Gikomba? Ponda msumari, noa, mshale tayari. Dakika kumi. Hii yako ni miezi mingapi?

FundiVigae

Mitano. Na wewe hutazama mpira dakika tisini ilhali matokeo utayapata kwenye simu.

MamaPacha

Kaka, mimi naishi ploti, nina watoto wawili wanaotembea pekupeku hadi chooni. Hivyo vibanzi unavitupa wapi? Usiniambie kwenye shimo la takataka ambapo watoto wa jirani wanatafuta chuma.

FundiVigae

Dadangu, umeuliza lililotakiwa kuulizwa kwanza. Nilipoanza nilikuwa nachongea mlangoni, mtunza ploti akanipa onyo moja, na la pili lingekuwa kunihamisha. Sasa natandika turubai, nakaa katikati, nikimaliza nakunja pembe nne na kumimina kwenye mtungi wa rangi wenye kifuniko. Ukijaa naupeleka kwenye ujenzi, unamwagwa chini ya sakafu kabla ya zege. Vile vidogo kama chumvi ndivyo vibaya zaidi, havionekani, vinaingia kwenye soksi na kutoka kwenye shuka la kitanda. Nguo za kuchongea sizifui pamoja na za watoto.

Na vumbi, wakuu. Vumbi la mawe ya aina hii halitoki kwenye mapafu. Mafundi wa vigae tunalijua, ndiyo maana tunakata kwa maji. Uingereza kuna mji unaitwa Brandon, watu wake kwa vizazi walichonga vijiwe vya kuwashia bunduki za gobori wakiwa wamejifungia vibandani. Wengi walikufa vijana kwa kifua. Kwa hiyo chongea nje, upepo ukupige kisogoni, na usugue ukingo kwenye jiwe lililoloa. Na vaa barakoa ya kuzuia vumbi; zile za kitambaa za 2020 zilizobaki droo hazitoshi.

Swaleh_wa_Eastleigh

Naingilia kwa lugha tu, mnisamehe. Hilo jiwe la kuwashia bunduki kwetu Lamu ni *gumegume*, na bunduki yenyewe huitwa ya gumegume. Kichwa cha mshale ni *chembe* au *kigumba*, ule ufito ni *wano*, na mfuko wa mishale ni *podo* au *ziaka*. Maneno yote yapo, hakuna haja ya kusema "ile kitu ya mbele".

FundiVigae

Shukrani, ustadh. Nilikuwa nasema "ile kitu ya mbele" nyumbani kabisa.

Kasyoki_Mwala

Otis amesema kwa mzaha lakini babu yangu angemuunga mkono. Babu alitengeneza mishale mpaka miaka ya sabini. Sisi Wakamba chembe ilikuwa chuma, nyembamba, na shingo ndefu ya kupakwa sumu ya msunguti kisha kuviringwa ngozi isikauke. (Sisemi namna ya kuipika, asiulize mtu. Inasimamisha moyo, na haijali kama ni wa mnyama.) Ukiwa na sumu ile huhitaji jeraha kubwa, unahitaji chembe ipenye ngozi tu. Wahadzabe, wawindaji wa kule Ziwa Eyasi, Tanzania, hadi leo wanaponda misumari baridi kwa nyundo na kupata chembe nzuri sana.

Niliwahi kumuuliza kama wazee wa zamani walitumia mawe. Akacheka. Alisema mawe ni ya kumfukuza mbwa.

Lakini naomba kuuliza, maana hapa ndipo sielewi: kioo kinavunjika. Chuma ukikosa mnyama ukapiga mti, unachomoa mshale na kuendelea. Cha kwako ukipiga mti umebaki na fimbo.

MzeeWaGilgil

Vijana, mimi nimezaliwa karibu na Kariandusi. Hiyo mnayohangaika nayo kwenye chupa, sisi tulikuwa tunaikanyaga. Jiwe jeusi linalong'aa kama chupa ya soda, tena ukilinyanyua kwenye jua ukingo wake unapitisha mwanga wa moshi. Tulikuwa tunachongea penseli darasa la pili, na mwalimu anatupiga kwa sababu ya damu kwenye vitabu. Bwana Leakey, yule mwanaakiolojia, alipoanza kuchimba pale mwisho wa miaka ya ishirini alikuta mashoka ya mkono yametengenezwa kwa jiwe hilo hilo. Makumbusho yapo hadi leo kando ya barabara ya Nakuru, ukishapita Gilgil tu.

Jiwe lenyewe linatoka milimani, Eburru hasa. Nina shemeji ana shamba kule; trekta ikilima inageuza mabonge makubwa kama kichwa cha mbuzi, na yeye anayalaani kwa kupasua tairi. FundiVigae, ukitaka njoo nikupeleke ukaombe kwa mdomo wako. Lakini ndani ya Hell's Gate usiokote hata kokoto. Ile ni hifadhi ya taifa, na kule jiwe hili lipo tele likikuchekea.

FundiVigae

Mzee wangu, naja hata kesho.

Dada_wa_Mabaki

Nimesoma uzi wote nikitabasamu na kuogopa kwa zamu. Nasoma akiolojia hapa Nairobi, kwa hiyo nitakuwa mrefu, mnivumilie.

Kwanza sheria, kabla hujapanda gari ya Gilgil. Jiwe ghafi la shambani kwa ruhusa ya mwenye shamba ni jambo moja. Jiwe ambalo tayari lina makovu ya mkono wa mtu ni jambo jingine kabisa. Sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale chochote kilichotengenezwa Kenya kabla ya 1895. Usikiokote, usikiuze, usikisogeze. Huko Eburru utakutana navyo, kwa sababu wafugaji wa kale wa Bonde la Ufa walilifuata jiwe la mlima ule kwa maelfu ya miaka. Ukiona kibanzi kina uvimbe mdogo pale kilipogongwa na mawimbi yanayotanuka kutoka hapo, piga picha, kiache, wape taarifa Makumbusho.

Pili, na hili mafundi wengi hawalifikirii: taka zako. Ukimwaga vibanzi vya obsidiani, ndilo lile jiwe jeusi la Mzee, kwenye shimo Kahawa West, baada ya miaka mia mbili mwanafunzi kama mimi atachimba na kuandika tasnifu nzima kuhusu kambi ya Enzi ya Mawe ya Kahawa West. Wachongaji waangalifu hufukia sarafu ya kisasa pamoja na taka. Tumia ile ya shilingi moja yenye twiga, iliyoanza kutoka Desemba 2018. Wewe wa kumwaga chini ya zege uko salama zaidi, ila tia twiga hata hivyo.

Sasa makobe yako. Ngazi zinatokea kwa sababu tatu, na nadhani unazo zote. Huna subira ya kusugua ukingo kila mara. Unasugua mwanzoni kisha unasahau. Unainamisha ncha chini mapema kabla mzigo haujaingia ndani, kwa hiyo kibanzi kinang'oka kabla hakijasafiri. Na tatu, kibanzi hufuata tuta. Kikipata mgongo kati ya makovu mawili kinaupanda na kuufuata mbali. Kikikuta uwanda au shimo kinapotea njia. Kwa hiyo usibane popote unapoona nafasi. Bana nyuma ya tuta, na pale unapoegesha pawe chini ya mstari wa katikati ya unene wa kioo. Ukiegesha juu ya mstari huo ndipo kitu kinakatika vipande viwili. Ngazi iliyokwisha kutokea usiishambulie kutoka upande ule ule, izungukie na kuifuata kutoka ng'ambo.

Lakini swali langu kubwa kwako ni hili: kwa nini pembetatu? Ile yenye mapengo mawili chini ni umbo la Marekani. Kule Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Yahi aliyetokeza Oroville, California mwaka 1911, alikuwa akizichonga kwa vitako vya chupa kama wewe, na ni nzuri ajabu. Hapa kwetu wawindaji wa Enzi ya Mawe ya mwisho walichukua njia nyingine. Walibandua wembe mwembamba mrefu kutoka kwenye jiwe mama, mrefu kama kiungo cha kidole, wakaacha upande mmoja mkali kama ulivyozaliwa, upande wa pili wakaugonga butu kwa mzingo. Matokeo ni umbo la mwezi mwandamo. Mgongo butu unazama kwenye ulimbo, makali yanabaki nje. Unaweka mmoja mbele, au wawili ubavuni kama miba, na wano linabaki jembamba. Miezi hiyo midogo imejaa kwenye maeneo yetu, Lukenya hapo Athi River ikiwamo, na nyingine ni za obsidiani iliyobebwa kutoka huko kwa Mzee.

Na Kasyoki, hapo ndipo jibu lako lilipo. Ndiyo, linavunjika. Mwezi mmoja ukivunjika unang'oa kwa moto, unabandika mwingine. Mfukoni una thelathini. Na makali ya kioo kile hayana mpinzani. Kuna madaktari wa upasuaji waliowahi kukatia kwa visu vya obsidiani. Tena usidhani ni mambo yaliyokufa: Konso, kusini mwa Ethiopia, wanawake wanaotengeneza ngozi wamechonga mawe ya kukwangulia mpaka katika zama zetu hizi. Wanawake, nasisitiza, kwa sababu kila picha ya kitabuni ni mwanamume mwenye ndevu.

Kasyoki_Mwala

Thelathini mfukoni. Hilo babu hakulijua. Nakubali nusu.

Otis_Kayole

Swali la maana sasa. Hiyo shaba ulinunua wapi? Manake huku kwetu kuna jamaa anauza waya mnene bei ya kutupa.

FundiVigae

Otis, waya mnene wa bei ya kutupa umetoka kwenye nguzo ya stima ya mtu. Unakumbuka 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa kwa sababu hiyo hiyo? Nunua nusu mita duka la vifaa vya umeme mjini, upewe risiti. Nusu mita inatosha mwaka mzima.

Na ukiogopa shaba, mfupa wa paja la ng'ombe unabana vizuri, mwombe muuza nyama. Mfupa, si pembe. Nilipoteza wiki na pembe ya ng'ombe kwa sababu video zote zinasema pembe. Kumbe wale wana pembe za wanyama wa kwao ambazo ni mfupa mtupu na huanguka kila mwaka. Ya ng'ombe ni kama ukucha, inateleza na kukunjana.

MamaPacha

Na vioo vya milango ya duka vilivyovunjika, vile vya kijani? Fundi hapa mtaani anavyo gunia.

FundiVigae

Vioo vya kawaida vya unene wa milimita 8 au 10 ni vizuri sana, dada. Ila hakikisha si vile vya usalama, vinavyovunjika vikawa punje kama mahindi. Hivyo ukivibana ukingoni vinalipuka vyote kwa mpigo. Choo cha kukalia kilichovunjika pia kinachongeka, mimi nina kigumba cheupe kizuri kilichotoka kwenye choo cha Pangani. Kiosheni kwanza.

FundiVigae (wiki sita baadaye)

Narudi kutoa ripoti.

Tulikwenda Eburru na MzeeWaGilgil. Nilisema nimwombe mwenye shamba kwa mdomo wangu, nikaomba. Akaniambia nikiyamaliza yote atanichinjia mbuzi. Tulibeba mabonge mawili tu, yote yana ganda lake la asili, hakuna kovu la mtu. Kwenye ukingo wa njia niliona kibanzi chenye uvimbe na mawimbi kama Dada alivyoeleza. Nilipiga picha, nikachuchumaa hapo muda mrefu mpaka Mzee akanipigia mluzi. Sikukigusa. Kiliniuma kidogo, kuwa mkweli.

Obsidiani si chupa. Inafanana kwa macho, lakini ina mlio. Bonge zima ukiligonga linalia kama kikombe cha chai, na bonge lenye ufa wa ndani linatoa sauti ya kopo. La kwanza lilikuwa na ufa. Lilimwagika vipande kama makaa na kuniachia turubai lenye matundu.

La pili nilikwenda nalo pole. Nililipasua juu kwa jiwe la mtoni nikapata uso bapa. Kisha nikasahau jiwe, nikachukua rungu fupi la mutamaiyu, mti mgumu unaokubali kubonyea kidogo badala ya kuponda. Unagonga kwa kupitia, kama unafuta, si kama unapigilia msumari. Kibanzi cha kwanza kinaacha matuta mawili, cha pili kinafuata tuta moja, na hapo ndipo nilipomwelewa Dada. Zilianza kutoka nyembe. Ndefu, nyembamba, nyeusi, na ukizishika juu zina rangi ya chai ya rangi. Katika kila tisa moja ndiyo ilikuwa sawa. Ile moja nilikuwa naiweka kando kwenye kisahani na kwenda kuiangalia tena kabla ya kulala.

Kugonga mgongo ni kazi ndogo kuliko nilivyotarajia. Unalaza wembe juu ya jiwe, upande mmoja umening'inia kidogo nje, unaumenya kwa kijiwe kama unavyomenya kona ya kigae. Dakika tano, mwezi mwandamo. Miezi mitano nachonga makobe, na hiki ni dakika tano. Sikumwambia mke wangu.

Ulimbo: gamu ya mgunga, nta ya nyuki na jivu la jiko lililochekechwa. Bila jivu unapasuka ukipoa, na jivu likizidi unakuwa kama biskuti. Nilipata sawa mara ya nne. Wano ni tete, mbele nikachomeka kijiti kigumu ili tete lisichanike, nikafunga kwa kano za mguu wa ng'ombe. Unazikausha, unazipondaponda mpaka zinakuwa nyuzi, unazilowesha, unaviringa. Zikikauka zinajikaza zenyewe, hufungi fundo. Muuza nyama wangu sasa ananiwekea mifupa na kano kwenye mfuko mmoja bila kuuliza.

Jumapili tukaenda kwenye mgomba. Upinde ni wa kuazima, wa kijana mmoja anayefanya mazoezi ya shabaha. Hatua kumi na mbili. Mshale wa kwanza ulipita juu ya ukuta, namshukuru Mungu upande ule ni shamba la sukuma wiki na halikuwa na mtu. Wa pili ulipiga ubavu ukateleza. Wa tatu uliingia mpaka kwenye ulimbo. Niliupasua mgomba kwa panga kuangalia: mkato ni safi, nyuzi zimekatwa, hazikusukumwa. Mwezi mmoja wa ubavuni ulibaki ndani. Sijui kama ni ulimbo wangu dhaifu au ndivyo ulivyotakiwa, ubaki kwenye jeraha.

Kisha nikapiga msumari uliopondwa, ule wa Otis, kwa upinde ule ule, hatua zile zile. Uliingia karibu sawa. Nyuzi zilikuwa zimesukumwa kando.

Otis_Kayole

Karibu sawa! Nimeshinda.

Dada_wa_Mabaki

Kubaki ndani ya jeraha ni moja ya mambo tunayobishania darasani. Nipe picha ya mgomba ule, na ya ule mwezi uliobaki, na uandike upana wa mkato. Ulitia twiga kwenye taka?

FundiVigae

Nilitia. Mwanangu akamtoa, akanunua peremende. Nimetia mwingine.

Kasyoki_Mwala

FundiVigae, nina wano mbili za babu, chembe zilishatoka zamani, sumu hakuna, nimezisugua na kuziosha. Jumamosi naja mjini. Unaweza kuzipachika miezi yako? Moja mbele na miwili ubavuni.

FundiVigae

Njoo saa nne, mtunza ploti huwa kanisani mpaka saa saba. Wasabato wana faida zake. Shuka stendi ya mwisho, uliza fundi wa vigae mwenye plasta kidoleni. Na uje na viatu vya kufunika, si sandali.